Hiki Hakimo

Usiku wa tatu nilipoamka nikikung'uta mkono
kama muuguzi wa zamani na kipimajoto chake,
mwanangu Yaarub akasema: kesho, Ibra, hospitali.
Tukaenda. Kofia ya watu nimeifunga kitamboni,
ukanda nusu haujashonwa.

Daktari Muatasim, Msudani, mrefu, mpole,
aliniuliza kwa Kiarabu kama kuna tanmil,
yaani siafu wa ndani, yaani wadudu vidoleni.
Kwetu, nikamwambia, mkono hufa. Hufa ganzi.
Alfajiri hufufuka, na kufufuka ndiko kunakouma.
Baadaye nikakumbuka hata sisi twasema mwili unasisimka,
na mdudu yule twamwita sisimizi.
Huenda mababu wa pande zote mbili
waliulalia mkono uleule.

Akauliza wapi. Nikasema mkono.
Akangoja. Mkono kwetu waanzia begani ukaishia kuchani,
naye alitaka kidole kwa kidole, kama karani wa forodha.
Gumba? Limo.
Cha shahada? Kimo.
Cha kati? Hicho ndicho mwenye nyumba.
Cha pete, tukakwama:
ubavu wa kuelekea cha kati umelala,
ubavu wa pili u macho.
Niliona haya kusema hivyo, nisije nikaonekana natunga.
Yeye ndipo akatabasamu.
"Na hiki?" Akagusa kidole cha mwisho.
Hiki hakimo.
"Hiki kina mshipa wake," akasema, "na njia yake."
Nami miaka yote nilikidharau:
hakishiki sindano, hakivai subana.

Akanigonga kifundoni kwa ncha ya kidole,
taratibu, kama anayebisha kwa jirani aliyelala.
Cheche ikakimbia hadi ukuchani.
Kisha akanikunjisha viganja chini, mgongo kwa mgongo,
dua iliyopinduliwa,
akaitazama saa ya ukutani.
Sekunde ishirini, hamna.
Thelathini, wakaanza kutoka.
Arobaini nikasema basi.
Dakika nzima ndiyo kipimo, akasema,
ila mwili wako umeshajibu.

Akabonyeza mnofu chini ya gumba.
Wa kulia umesinyaa, mto uliotolewa pamba.
"Inua gumba lielekee dari. Nizuie nisilishushe."
Likashuka.
Miaka thelathini na moja ya kofia,
na gumba likashuka kwa kidole kimoja cha mtu.

Chumba cha pili kilikuwa na baridi.
Binti wa mashine, Thuriya, mzaliwa wa Ruwi, bibi yake wa Wete,
aliniloweka mkono kwenye maji ya moto kwanza.
Mkono wa baridi, akasema kwa Kiswahili, huidanganya mashine.
Akanivika pete za waya.
"Itakuwa kama kugusa swichi na mkono wa maji."
Tap. Kidole kikaruka bila idhini yangu.
Kwenye kioo mstari ukalala, ukalala,
ndipo kikainuka kilima, kifupi, kimechelewa.
Cha kidole cha mwisho kilikuwa kimefika zamani.

"Mshipa umebanwa, bibi."
Wa damu?
"Wa fahamu. Lugha yetu imeirundika mishipa yote kwenye neno moja.
Huu wapita kifundoni, kwenye kijia chembamba,
pamoja na kano tisa. Kumejaa."
Nikacheka peke yangu.
Maisha yangu ni vitundu: natoboa, nazungushia uzi, nahesabu,
nikishindwa kimoja naanza upya.
Hiki sikukitoboa mimi.

Wakanipa gango la kuvaa usiku,
na tarehe ya kurudi, na karatasi yenye vilima vyangu.
Jumatano, soko la wanawake, akaja mwenye kofia.
Nikamwambia itachelewa.
"Kiasi gani, Bi Ghaniya?"
Milisekunde tano nukta nane, nikamwambia,
akacheka, akadhani ni Idi.